Nani Alifunga Tangi?

Ngo! Ngo! Ngo!

Hapo ndipo tulipomwacha Sabela Pardiñas, msomaji wangu: amepiga magoti chini ya tumbo la manowari, shavu limebanwa kwenye chuma baridi, na ndani ya tangi alilolifunga kwa mikono yake mwenyewe asubuhi hiyo, mtu anagonga.

Mtu, si panya. Panya hagongi mara tatu kisha akanyamaza kusubiri ajibiwe.

Huku nje mji mzima wa Ferrol ulikuwa umesimama kwenye mvua kungoja meli iteremke majini. Zumari zinalia, watoto wamebebwa mabegani, mabwana wa serikali wamejipanga jukwaani na miavuli yao myeusi. Maji ya hori la bahari yalikuwa yamejaa mpaka ukingoni, na maji hayo hayangojei mtu.

Kwa yule aliyetukosa wiki iliyopita: Sabela ndiye msimamizi wa kikosi kinachofunga matangi. Kanuni ni moja. Kabla ya kufunga, msimamizi huingia mwenyewe na tochi, hupima hewa, hutazama kila kiungo kilichochomelewa, huita, kisha hutoka. Ndipo nati zinakazwa. Asubuhi hiyo Sabela hakuingia. Aliinama mlangoni, akaita mara moja tu, "Kuna mtu?", akaweka kifuniko, akakaza.

Haraka ilikuwa imewapanda wote vichwani. Manowari hii ilianza kujengwa kwa ajili ya jeshi la majini la hapa nyumbani. Katikati ya kazi ikauzwa kwa Wachile, nao Wachile hawakutaka kusubiri.

Ngo. Ngo.

Mara hii ni mbili tu, na hafifu.

Sabela alikumbuka gesi ya kuchomelea, ile isiyo na rangi wala harufu. Gesi hiyo ni nzito kuliko hewa, hutuama chini kama tope, na mtu akiivuta hulala kama mtoto aliyeshiba. Je, ilikuwa imetolewa yote? Hakujua. Angeingia, angejua.

Akainuka, akakimbia.

Moncho Leira, mkuu wa mteremko, alikuwa amesimama kwenye mkono wa chuma unaoiachia meli. Mzee huyu ndiye aliyempakata Sabela siku ya ubatizo wake kanisani, na ndiye aliyemtafutia kazi kiwandani.

"Baba, simamisha!"

"Nisimamishe nini?"

"Meli! Kuna mtu tangini!"

"Nani kakwambia?"

"Nimemsikia kwa masikio yangu. Anagonga."

Moncho akacheka, meno yake ya dhahabu yakametameta. "Binti yangu, hujazoea tu. Chuma kikinusa maji hupiga kelele kama bibi harusi. Meli ya kwanza niliyoishusha mimi niliapa ina mzuka."

"Mzuka haugongi ukangoja jibu, baba."

Kicheko kikamkauka mzee. Akageuka kulitazama jukwaa, kisha akasema kwa sauti ya chini: "Wale wageni unawaona? Leo wanatazama. Ikiteremka vizuri, wanataka mbili nyingine. Tukijikwaa mbele yao, watakwenda kununua kwa Wafaransa, na vijana wa mji huu watarudi kushindia baa. Umelifikiria hilo?"

"Anxo sijamwona tangu asubuhi."

"Anxo? Anxo wetu?"

Anxo Freire alikuwa mchomeleaji wa kikosi cha Sabela. Tena alikuwa shemeji yake, mume wa Uxía, mdogo wake wa pekee.

Moncho akamshika bega. "Tangi hilo nani alilifunga?"

"Kikosi changu."

Maneno mawili tu, msomaji. Angeweza kusema "mimi". Neno hilo lilifika mpaka kwenye meno, akalirudisha tumboni, na kuanzia hapo likaanza kumla.

"Kamuulize mdogo wako kwanza," Moncho akasema. "Huenda yuko naye huko anakula. Usinifanye nisimamishe dunia bure."

Uxía alikuwa kwenye kamba ya mbele, chini ya mwavuli wa manjano, kifuko mkononi. Alipomwona dada yake akaangua kicheko.

"Dada! Mbona umelowa kama kuku? Mwambie mume wangu nimemletea mkate wa samaki, asije akaanza divai kabla hajala!"

"Anxo hayuko nawe?"

"Awe nami vipi, na nyinyi ndio mnafanya naye kazi? Ametoka alfajiri, anajivuna eti leo ana mgeni wa kumtembeza melini."

"Mgeni gani?"

"Mie nitajuaje? Dada... una nini wewe? Nitazame."

Sabela hakumtazama. Aliiruka kamba, akapita katikati ya walinzi wawili kama mbuzi aliyeona jani, akapanda ngazi za jukwaa na buti zake za tope.

Juu kule alisimama Kapteni Vilariño wa jeshi la majini, mwenye dhamana ya mpango mzima wa manowari hizi. Kiwandani walimsema sana. Walisema amezunguka dunia akiziuza kama mama muuza samaki: njoo, shika, fungua shavu utazame damu. Walisema angemuuza hata mama yake iwapo mama yake angekuwa na mizinga. Pembeni yake mke wa admeri wa Chile alikuwa ameinua chupa yenye utepe, ya kuvunjia ubavuni mwa meli, anangoja ishara.

"Kapteni, usiiachie. Kuna mtu ndani ya tangi. Labda ni mchomeleaji wangu."

Kapteni hakupandisha sauti. "Una hakika?"

"Nimemsikia."

"Ukikosea, nitakuwa kichekesho cha bahari mbili."

"Najua, Kapteni."

"Basi muombe Mungu uwe umekosea."

Akageuka, akaitwaa ile chupa mikononi mwa mama yule kwa adabu, kama mtu anayempokea mgeni mzigo. "Uniwie radhi, bibi." Kisha akanguruma: "Simamisheni! Mtu asiguse kitu!"

Zumari zikafa moja baada ya nyingine. Umati ukanyamaza.

Lakini meli haina cheo, haipokei amri. Magogo ya mbele yalikwisha kuondolewa, na katika kimya kile kila mtu alisikia chuma kikiguna. Manowari ikajisukuma kuelekea majini. Kidogo. Kisha kidogo tena.

"Kabari!" Moncho akapiga yowe lililofika ng'ambo ya hori. "Rudisheni kabari, wana wa mashetani nyie! Nyundo! Piga! Piga!"

Watu wakajitupa chini ya tani zile zote bila kufikiri. Nyundo zikalia kama mvua ya mawe. Meli ikatetemeka, ikaguna mara ya mwisho, ikatulia.

Sabela hakungoja kuona. Alikwisha kuingia melini, anashuka ngazi hadi ngazi, watu wa kikosi nyuma yake. Walipofika kwenye kifuniko akaishika spana, na spana ikamponyoka. Akaiokota. Ikamponyoka tena.

"Bosi, nipe mimi," mmoja wao akasema.

Nati zikafunguka. Kifuniko kikainuliwa. Mkono ukatokea, umeshika kufuli dogo la chuma alilokuwa akigongea. Wakaukamata, wakavuta.

Hakuwa Anxo!

Alikuwa kijana mwenye sare ya wanamaji, midomo imegeuka rangi ya zambarau. Luteni Nahuel Barría, mmoja wa maofisa wa Chile walioletwa Ferrol kujifunza meli yao kabla ya kuipokea. Alikohoa, akatapika, akajaribu kusema akashindwa.

Kwa sekunde moja Sabela alifurahi. Ndiyo, alifurahi kwamba si mume wa mdogo wake, na furaha hiyo hakuisamehe kamwe.

Maana yule luteni alikuwa ameinua vidole viwili.

"Wawili?" Sabela akauliza. "Mko wawili?"

Luteni akatikisa kichwa kukubali, akaelekeza kidole chini, gizani, mahali gesi inapotuama.

"Nipeni barakoa."

"Bosi, ngoja watu wa zimamoto..."

"Nimesema nipe!"

Akashuka. Tochi yake ilimwonyesha viungo ambavyo alipaswa kuvitazama asubuhi, kimoja baada ya kingine, vimejipanga kama watu barazani wakimtazama yeye. Chini kabisa alikuta buti. Anxo alikuwa amelala kifudifudi, mkono mmoja bado umewekwa juu ya mshono wa chuma kama mtu anayemwonyesha mgeni kazi yake nzuri.

"Shemeji. Anxo. Amka, nakusihi." Sauti yake ilirudi masikioni mwake ndani ya barakoa, nene kama ya mtu mwingine. "Uxía kakuletea mkate wa samaki. Amka ule."

Sabela akamfunga kamba kwapani, akaivuta kamba kuwaashiria walio juu, akamsukuma kwa bega lake mpaka alipohisi uzito umeondoka.

* * *

Hospitali, alasiri ile ile. Anxo alikuwa nyuma ya mlango wa kioo, mashine zikimsaidia kupumua. Madaktari walisema moyo unapiga. Zaidi ya hapo hawakutaka kusema.

Uxía aliiona sura ya dada yake mwishoni mwa ukumbi, akaja mbio, akaikamata mikono yake miwili na kuibusu. Mikono ile ile.

"Wameniambia," akasema huku akilia. "Wameniambia ulishuka peke yako. Mungu akulipe, dada. Mimi nitakulipa nini?"

"Uxía, acha."

"Siachi! Waache wasikie wote. Nani ana dada kama wangu?"

Sabela alifungua kinywa. Lakini kabla hajasema, nyuma ya mdogo wake alimwona Moncho, kofia mkononi, anazungumza na Kapteni Vilariño. Na akasikia.

"Ni mimi, Kapteni. Niliona kikosi kimechelewa, nikashuka nikafunga mwenyewe. Sikuita wala sikuangalia. Uzee."

"Wewe? Mkuu wa mteremko, ufunge tangi?"

"Mimi niliyafunga matangi kabla wewe hujajifunza kuogelea."

Kapteni akaondoka kwenda kupiga simu. Sabela akamvuta mzee kwenye kona.

"Unafanya nini, baba?"

"Ninafanya kinachofaa. Mimi nastaafu Krismasi hii. Watanifokea, watanivua nishani, nitakwenda kulima viazi vyangu. Wewe watakupeleka mahakamani. Na yule mdogo wako pale atakutazama vipi?"

"Umejuaje kwamba ni mimi?"

"'Kikosi changu'," Moncho akamwigiza, bila kucheka. "Nimekujua tangu una meno mawili, Sabela. Na mimi pia nina kosa langu. Ulikuja kuniambia kuna mtu anakufa, nikakuhesabia meli. Niachie hili nilibebe."

Ungefanyaje, msomaji? Usijibu haraka. Mzigo umeshushwa begani mwako na mtu anayekupenda, na wa kukusuta hakuna.

Alikuwepo mmoja. Muuguzi alikuja kusema luteni wa Chile ameamka, anataka kumshukuru yule mama aliyeshuka tangini.

Nahuel Barría alikuwa ameegemezwa kwenye mito, sauti imemkwama kooni.

"Ni wewe uliyemtoa Anxo?"

"Ni mimi. Pole sana, Luteni."

Kijana akakunja uso, kama mtu anayesikiliza wimbo anaoujua. "Hebu sema tena."

"Niseme nini?"

"Basi. Imetosha." Akafumba macho. "Mimi ndiye niliyemsumbua anipeleke. Nilitaka kuiona meli yangu kwa ndani kabla haijalowa. Yeye alikuwa chini ananionyesha kiungo. Nikasikia mwanamke anaita, 'Kuna mtu?' Nikajibu, 'Tupo!' Nilijibu kwa nguvu, mama. Halafu mwanga ukaondoka."

"Mashine zilikuwa zinanguruma," luteni akaongeza taratibu. "Huenda yule mwanamke hakusikia."

Sasa tulitoe hadharani, msomaji, jambo ambalo Sabela hakuwa amejiambia hata yeye mwenyewe. Alisikia. Hakusikia neno, alisikia mvumo, kitu chenye umbo la sauti ya mtu. Akaiambia nafsi yake ni pampu. Akaiambia hivyo kwa sababu filimbi ya kiwanda ya kuhimiza kazi ilikwisha kulia mara ya pili, na kama si pampu ingebidi aingie.

"Watakuja kuniuliza," Nahuel akasema. "Wanasema ni mzee mmoja aliyefunga. Nikiulizwa, niseme nilisikia nini?"

Kijana huyu aliyetoka kaburini siku hiyo alikuwa anampa njia ya kutokea.

"Sema ulichosikia," Sabela akajibu, akatoka.

Uxía alikuwa bado kwenye kioo. Uso wake ulikuwa unang'aa. "Dada, njoo! Amefumbua macho! Daktari anasema ameuliza yuko wapi!"

Anxo yuko hai. Mungu mkubwa! Na hapo, katikati ya furaha ile, ambapo ingekuwa rahisi kuliko wakati wowote kunyamaza milele, Sabela akasema:

"Uxía, tangi nililifunga mimi."

"Nini?"

"Si Moncho. Ni mimi. Sikuingia kuangalia. Niliita mara moja. Yule luteni alijibu, nami nilisikia kitu, nikafunga."

"Mwongo huyo!" Moncho akadakia kutoka benchini. "Ana mshtuko, msimsikilize!"

"Baba, nyamaza," Sabela akasema.

Uxía hakumpiga. Afadhali angempiga. Aliitazama mikono yake mwenyewe iliyokuwa imeshika ya dada yake muda mfupi uliopita, akaifuta kwenye koti, upande wa nje na wa ndani.

"Uliniona na mwavuli," akasema. "Ukaniuliza Anxo yuko wapi. Ulikuwa unajua."

"Nilikuwa naogopa."

"Hukuniambia. Ulikuja kuniuliza mimi mume wangu yuko wapi, na ufunguo unao wewe. Toka, Sabela. Siku nikiweza kukutazama nitakuja kukuita. Leo toka."

Moncho alijifunika uso kwa kofia. Kwa mara ya kwanza Sabela alimwona mzee huyo analia.

Kapteni Vilariño alikuwa amesimama pale muda wote, simu imeshushwa. Alimfungulia Sabela mlango wa ngazi, wakatoka wote wawili. Mlango ukajifunga nyuma yao.

"Nimezungumza na admeri wa Chile," akasema. "Meli wataichukua. Wanasema nchi inayosimamisha sherehe kwa ajili ya mtu mmoja inaaminika. Umesikia mzaha huo? Mmeniuzia meli, wewe na kosa lako."

"Kwa hiyo sikukuita hapa kwa ajili ya meli hii." Kapteni alisogea karibu. Usoni mwake hamkuwa na hasira, na hilo ndilo lililomtisha. "Meli dada yake, ya kwanza kujengwa, ile tuliyobaki nayo sisi wenyewe, kikosi kilichofunga matangi yake ni chako pia. Iliondoka Jumatatu kwenda kuonyeshwa kwa wanunuzi wa kaskazini. Ina mabaharia wetu tele, na huko mbele kuna dhoruba. Nitakuuliza mara moja, Sabela, na nitaliamini jibu lako. Kutoingia kuangalia, leo ilikuwa mara ya kwanza?"

Chini kwenye ngazi mtu alipita akipiga mluzi. Sabela alimngoja apite.

Angeweza kusema ndiyo. Hakuna aliyemsikia safari ile, hakukuwa na luteni ndani, hakukuwa na kufuli la kugongea. Kulikuwa na viungo tu ambavyo hakuna jicho lililovitazama, na sasa vilikuwa chini ya mawimbi, na watu wamelala juu yake.

"Hapana, Kapteni," akasema. "Si mara ya kwanza."

Kapteni Vilariño alivua kofia yake, akaketi kwenye ngazi kama mzee aliyechoka safari, akaiweka simu sikioni.

"Nipeni daraja la meli ile, nahodha mwenyewe," akaiambia simu. Kisha akamtazama Sabela. "Taja ambamo hukuingia. Tangi moja moja."

Sabela akashika ukuta, akaanza kutaja.